Pindo Lililokatwa Chamazi

Jumamosi, tarehe 12 Agosti 1967, mimi, Gideoni Elinami Mbwambo, nikiwa mtoto wa miaka tisa, nilipelekwa Chamazi kwa mara ya kwanza. Naitaja tarehe kwa sababu wengine wanaoisimulia habari hii huichanganya, na anayechanganya tarehe huchanganya na mengine.

Tulikuwa tukiishi Chang'ombe. Baba alikuwa karani wa ghala, na mwenzake wa kazini, Bwana Shomari, alitualika kwao tukale machungwa. Chamazi ya leo, yenye uwanja wa mpira na maduka ya simu, haifanani kabisa na ile. Wakati ule kilikuwa kijimji cha nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, msikiti mmoja, duka moja, kisima chenye maji ya rangi ya chai, na pande zote mikorosho na michungwa. Kwetu ni Upareni, nasi ni Walutheri. Wanawake wa kanisani walikuwa wamemnong'oneza Mama kwamba watu wa pwani wanajua mambo, tule tutakachopewa lakini tusiache kitu chetu nyuma. Maneno hayo niliyasikia, nikaenda Chamazi nikimkagua kila mtu aliyenipa mkono.

Baba na Bwana Shomari walipokwenda kutazama shamba, tulibaki na wanawake wa nyumba: Bi Mwanahawa, mama yake Shomari, Zuhura, mkewe, na Mwajuma, mdogo wake Shomari, aliyekuwa rika langu. Zuhura alikuwa amempakata mwanawe wa kwanza, Salumu, mtoto wa miezi mitano.

Hapo ndipo Mama alipokosea. Kwetu milimani, mgeni asiyemsifu mtoto huonekana ana kinyongo na wazazi. Basi Mama akamsifu kwa moyo wote.

"Jamani, mtoto kanenepa huyu! Tazama mapaja. Mzito kama gunia la mahindi."

Zuhura akavuta khanga akamfunika mtoto uso. Bi Mwanahawa akasema taratibu, "Sema mashaallah, mwanangu."

Mama akadhani ni namna yao ya kupokea sifa, akajibu kwa tabasamu, "Bwana asifiwe." Hakuna aliyecheka.

Tulikula wali wa nazi. Baadaye Mama akajinyoosha kwenye jamvi barazani, nami nikafuatana na Mwajuma kisimani. Tuliporudi, sauti ya Salumu ilisikika toka njiani. Alikuwa amekataa ziwa, na mwili wake ulikuwa wa moto.

"Mama yako ana jicho," Mwajuma aliniambia. "Nyie watu wa bara mnasifia kavukavu tu."

"Na nyie wachawi," nikamjibu.

"Mchawi baba yako."

Nilimwacha, nikaingia uani, na kutoka pale nikatazama barazani. Bi Mwanahawa alikuwa amechuchumaa kando ya Mama aliyelala, ameshika wembe, na vidole vyake vilikuwa vimekamata pindo la khanga ya Mama. Upareni nilifundishwa maana ya jambo hilo kabla sijajua kusoma: anayechukua kipande cha nguo yako anakutafutia kaburi.

"Mama," nikaita. "Amka. Wanakukata nguo."

Mama akaketi. Hakumnyang'anya bibi yule wembe. Aliutazama tu, kisha akamtazama mwenyewe.

"Bibi, unataka nini kwenye khanga yangu?"

"Uzi tu, mwanangu. Nimfukize mtoto. Niliona haya kukuamsha."

"Kwa hiyo ni mimi niliyemuuguza?"

"Sijasema hivyo. Mwenye jicho hajijui. Hata mie naweza kuwa nalo."

Mama akanyoosha mkono ampapase mtoto, na Zuhura, aliyesimama kando, akarudi nyuma na mwanawe kifuani. Nadhani hilo lilimuumiza kuliko wembe. Sasa nikiwa mtu mzima ninauona mtego aliokuwamo. Akitoa uzi, itakuwa amekubali kwamba jicho lake linaua watoto, na habari hiyo ingefika Chang'ombe kabla yetu. Tena angekuwa amewaachia kipande cha nguo yake watu ambao alikwisha kuonywa juu yao. Akikataa, na Salumu akafa, atakuwa muuaji katika nyumba ya rafiki wa mumewe. Mtoto yule alikuwa analia kwa sauti iliyokwisha kukauka.

Mama akasimama. "Nipe wembe."

Bi Mwanahawa akasita, akampa. Mama akakata pembe ya khanga yake, kipande cha ukubwa wa kiganja, akakikabidhi kwa mikono miwili.

"Nimekata mwenyewe, nikiwa macho, mbele yenu wote," akasema. "Sijui kama nina jicho. Ninajua mtoto ana homa. Fukiza, Bibi, halafu apelekwe zahanati."

Ubani ukawashwa kwenye chetezo na kipande kile kikatiwa humo. Bi Mwanahawa akamchukua Salumu kutoka kwa Zuhura, na badala ya kumshika mwenyewe, akamweka mapajani mwa Mama. Mama akampitisha juu ya moshi, mara hii upande mmoja, mara ile upande mwingine, kama alivyoelekezwa. Midomo yake ilikuwa ikisali sala yetu, na ya bibi ikisoma dua yao. Bwana Shomari aliporudi, alimpeleka mtoto zahanati ya Mbagala kwa baiskeli, Zuhura akiwa nyuma amempakata.

Jumatatu Baba alirudi kazini, akaambiwa homa imeshuka. Baada ya siku chache jino la kwanza likachomoza. Bi Mwanahawa alishukuru uzi, Baba alishukuru zahanati, nami nikiwa na umri huu ninalishuku jino. Hata hivyo, siwezi kujidai. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Kipawa, na nikimsifu mjukuu wa mtu husema mashaallah, tena kwa sauti. Nguo zangu pia haziachwi kambani jua likizama. Mama naye hakuwa na amani kamili: Jumapili alimwomba mwinjilisti aiombee ile khanga, kisha akaivaa ibadani, pembe iliyokatwa ikiwa mbele.

Mwaka jana, 2024, nilikwenda Chamazi kumzika Mwajuma. Salumu, ambaye sasa ana wajukuu na duka la saruji na mabati, alinitambulisha kwa vijana wake. "Mwamkieni mzee huyu. Mama yake ndiye aliyenitia jicho nikiwa mchanga, mwaka sitini na tisa. Alipobanwa akakiri, akatoa nguo, nikapona."

Vijana wakanitazama machoni, kisha wakatazama chini.

Nilimsahihisha palepale, msibani. Mwaka ulikuwa sitini na saba. Mama hakubanwa na mtu, wala hakukiri lolote. Aliombwa uzi kwa ajili ya mtoto asiyekuwa wake, akautoa huku akijua yatakayosemwa juu yake. Na ndiyo hayo yaliyosemwa kwa miaka hamsini na saba.