Pikapu Iliyozima Ikiwa Imeshiba

Pikapu ilizima kwa mara ya tano pale ambapo barabara ya Songambele inaacha migomba na kuingia kwenye nyasi za malisho. Theoneste, ambaye hakuwahi kukanyaga huko tangu azaliwe, akaiacha iteremke kwa uzito wake mpaka ikaenda kusimama yenyewe mbele ya zizi la watu. Ng'ombe wenye pembe ndefu kuliko mikono ya mtu wakainua vichwa, wakaitazama, wakaendelea kucheua.

"Ndiyo hapa," alisema Leonadi, mwenye gari, aliyeketi kando yake na kofia mapajani. "Angalau leo imezimia mlangoni kwa mnunuzi."

Mnunuzi alikuwa mfugaji mmoja aitwaye Kakuru, aliyetuma habari mpaka Ihanda kwamba pikapu inayozimazima ataichukua kwa dume moja. Leonadi alikuwa amechoka nayo, akakubali. Jioni hiyo angerudi nyumbani kwa miguu akimswaga dume, na Theoneste, aliyeshika usukani ule miaka kumi na moja, angetembea nyuma ya mkia. Kesho yake asubuhi angeamka akiwa mtu wa jembe.

Jembe alilijua vizuri. Baba yake, mzee Mbonimpa, alivuka kutoka Burundi kuja kupalilia kahawa za watu, akapalilia mpaka mgongo ukapinda, na alipokufa ilibidi wamnyooshe kwanza ndipo aingie kwenye jeneza. Theoneste alipopewa usukani mwaka wa sabini na sita aliketi wima, na tangu siku hiyo hakuinama tena. Wazee walimwamkia kabla hajawaamkia. Kanisani walimsogezea nafasi ili aketi. Hata mkewe Vestina, wageni wakiwapo, alimwita Dereva, na wageni wakiondoka alimwita hivyohivyo akiwa na shida.

Ugonjwa wa pikapu ulianza mwaka wa themanini na nne. Iliweza kwenda vizuri maili tatu au nne, halafu ikakohoa, ikadhoofika, ikazima katikati ya mlima huku abiria wakiitana kusukuma. Baada ya muda ikawaka tena kana kwamba haikusema kitu. Watu wa Ihanda wakaiita Mukaikuru, yaani bibi kizee, kwa sababu ilipumzika ilipotaka yenyewe na hakuna aliyethubutu kuiharakisha.

Walimpelekea Byabato, fundi mwenye spana nne na uhakika wa spana arobaini. Byabato alibadilisha plagi, akasugua platini, akatupa koili, akaweka koili aliyoitoa kwenye gari lililokufa zamani. Alifungua kabureta mara tatu, na mara ya tatu ikabaki skrubu moja, akampa Leonadi aitunze kwa akiba. Jambo la ajabu ni kwamba uani kwa Byabato pikapu haikuzima hata siku moja. Alichomoa kizibo cha tangi ili achote petroli ya kuoshea vyuma, akaliacha tangi wazi, akaiwasha, nayo ikanguruma kutwa nzima bila kukohoa.

"Gari zima," alisema Byabato akifuta mikono. "Mgonjwa ni dereva."

Kizibo hicho kilikuwa kazi ya Costansia, mke wa Leonadi. Mfuniko wenyewe wa tangi ulidondoka njiani, na enzi zile kupata mwingine kulikuwa kama kupata sukari. Costansia alikuwa mpika rubisi, pombe ya ndizi, na hakuna aliyejua kuziba kama yeye. Alisokota majani makavu ya mgomba, akayazungushia utepe wa mpira wa baiskeli, akayashindilia mpaka mkono ukauma. Kibuyu cha pombe alichokiziba yeye kilikwenda ukweni nyuma ya baiskeli, kikaruka mashimo yote ya wilaya, kikafika bila kudondosha tone. Kizibo cha tangi alikitengeneza kwa heshima ileile.

Basi, kwa kuwa fundi alishindwa, Theoneste akapata dawa yake mwenyewe. Mara ya kwanza alidhani mafuta yamekwisha. Alishuka, akachomoa kizibo, akatumbukiza kijiti kupima, akakuta mafuta tele. Akarudi kwenye usukani, akapiga stata, ikawaka. Mara ya pili vilevile. Ya kumi ilipofika alikuwa ameshaacha kupima, sasa alikuwa anatibu. Alishuka polepole, akatumbukiza kijiti, akakitoa, akakinusa, akakiweka sikioni, akatikisa kichwa kama mganga aliyeambiwa jina la mchawi. Kisha akasema "Sasa," akawasha, na gari likaitika. Abiria walimwangalia kwa macho mengine. Mama mmoja wa Rugera alimwomba kijiti akipitishe juu ya redio yake iliyokuwa ikikoroma. Theoneste alikataa, akasema si kila mkono unakiweza, na alipokuwa akisema hivyo aliamini kila neno.

Ila kijiti kilifufua tu. Kuzuia kifo hakikuweza, na Leonadi alikuwa amechoka na ufufuo.

Pale Songambele, kando ya zizi, alikuwa ameketi mama mmoja mkavu kama fito, amenyoosha miguu kwenye ngozi, anasuka maziwa yatoe siagi kwenye kibuyu kikubwa alichokipakata. Alikiyumbisha mbele na nyuma, na kila baada ya muda alilegeza kizibo, kibuyu kikapumua, akakifunga tena.

"Shikamoo, mama," alisema Theoneste.

"Marahaba, mwanangu. Umeua nini hapo?"

"Haijafa, mama. Imezimia tu."

"Mimi naitwa Kemirembe. Kakuru ni mwanangu, kwa bahati mbaya. Ndiyo hii anayotaka kuitolea Bihogo?"

Kakuru mwenyewe akatokea nyuma ya zizi, anacheka, ana kamba mkononi. Mwishoni mwa kamba alikuwa Bihogo, dume la rangi nyekundu iliyoiva, lililooshwa likang'aa, linatembea kama mkwe anayejua thamani yake. Kakuru aliizunguka pikapu, akapiga teke gurudumu moja, akafurahi.

"Imezima?"

"Mara tano," alisema Leonadi kwa uaminifu wa mtu aliyekata tamaa.

"Vizuri sana! Nitaitengeneza mimi, nibebee maziwa."

"Wewe?" aliuliza Kemirembe. "Baiskeli tu ulifunga mnyororo nje ndani."

Theoneste aliona siku inamponyoka. Akaamua kwamba kama ni mwisho, basi watu wa Songambele nao waone. Akashuka kwa madaha, akashika kizibo, akakizungusha na kukivuta kwa nguvu. Tangi likafanya *fyuuuu*, halafu ubavuni likasema *tung!* Akatumbukiza kijiti, akanusa, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Sasa," alisema. Akawasha. Pikapu ikanguruma, ng'ombe wakatawanyika, na wanawake waliokuwa wakipita na madumu ya maji wakasema "Yeee!" Theoneste akashusha macho kwa unyenyekevu aliokuwa ameufanyia mazoezi.

Kemirembe hakusema "Yeee". Aliweka kibuyu chini.

"Hicho kijiti kinafanya nini?"

"Kinaituliza, mama. Si kila mkono..."

"Nimeuliza kinafanya nini, sikuuliza sifa za mkono wako. Na kilichopumua ni nini?"

"Kipi?"

"Kabla ya kijiti. Umevuta kizibo, tumbo limevuta hewa kama mtu aliyeibuka majini. Halafu likasema tung."

"Hiyo ni kawaida yake."

"Kikohozi cha jirani yangu nacho kilikuwa kawaida yake, tukamzika. Niambie: inazima ikiwa na njaa au imeshiba?"

Miaka mitatu, na hakuna aliyewahi kumuuliza Theoneste swali hilo. Alifikiri safari moja moja. "Imeshiba," alisema mwishowe. "Ikiwa na mafuta kidogo huenda mbali bila taabu. Leo tumejaza tangi ndipo imezima mara tano."

Kemirembe alicheka mpaka akashika mbavu. Aliingia ndani, akatoka na kibuyu kidogo kilichojaa maji hadi shingoni na mrija wa Kakuru wa kunywea pombe. Alitumbukiza mrija, akafumba mdomo wa kibuyu kwa kiganja kuuzunguka, hata nzi asipite.

"Kakuru, njoo unywe."

"Mama, nina wageni."

"Kunywa."

Kakuru akavuta. Kidogo kilikuja, kisha hakikuja tena. Akavuta zaidi, mashavu yakaingia ndani, macho yakatoka nje. Mama yake akainua kidole kimoja. Maji yakamrukia kooni kwa kishindo, akapaliwa, akakohoa ameinama, huku Bihogo akimtazama kwa masikitiko.

"Huyu ndiye gari," alisema Kemirembe, akimwonyesha mwanawe. "Chombo hakitoi kama hakiingizi. Kila unachonyonya lazima pumzi ije ikae mahali pake. Kibuyu kilichojaa hakina akiba ya hewa, kwa hiyo kinakaba upesi. Nani amekiziba hiki?"

"Mke wangu," alisema Leonadi.

"Mpe pole na pongezi. Ameziba kuliko inavyofaa."

Akachukua msumari wa kushonea vikapu, akamkabidhi Theoneste pamoja na kizibo. "Toboa katikati, upitishe mrija."

Theoneste alishika msumari na hakutoboa. Upande mmoja aliliona jembe, mpini wake umelegea, linamngoja nyuma ya mlango. Upande wa pili aliona jambo jingine alilokuwa hajalifikiria: gari likipona, yeye atakuwa nani? Dereva wa gari zima hupatikana kila njia panda.

"Acha, bwana," alimbembeleza Kakuru, bado ana machozi ya maji. "Usiharibu kizibo cha mke wa mtu."

"Costansia ataniua," alisema Leonadi pia.

Theoneste akafumba macho, akatoboa. Mrija ukapita, ukasimama juu ya tangi kana kwamba pikapu imealikwa kwenye pombe.

Walikwenda hadi kwenye josho la ng'ombe na kurudi, Kemirembe amekaa nyuma, mkono mmoja kwenye ubao. Wakaenda tena. Mara ya tatu walilipita josho, wakapanda kilima chote mpaka migomba ilipoanza, wakarudi. Pikapu haikukohoa hata kwa adabu.

"Bahati," alisema Kakuru.

"Sawa, tuijaribu bahati." Kemirembe alichovya kidole kwenye siagi mpya, akaziba tundu la mrija. "Nendeni."

Safari hii walifika josho, wakaanza kurudi, na katikati ya njia ikadhoofika, ikazima. Theoneste alishuka. Kijiti hakukigusa, alifuta siagi tu. Mrija ukapiga mluzi mdogo, tangi likasema *tung*, akawasha, wakarudi nyumbani wananguruma.

"Umeziba, imekufa, umezibua, imefufuka," alisema Kemirembe. "Bahati haina utaratibu wa namna hiyo."

"Mama!" alilia Kakuru. "Wewe uko upande wa nani?"

"Wa Bihogo. Dume hili mama yake nilimkamua mimi. Utaliuzaje kwa chombo ambacho ugonjwa wake ni kukosa tundu?"

Leonadi alikuwa ameshuka, anaipapasa pikapu ubavuni kama mtu aliyepatana na mkewe. "Siuzi tena," alisema. "Samahani, Kakuru. Siuzi." Kisha akamgeukia Theoneste, na uso wake ukabadilika polepole. "Kumbe ni hivyo tu? Miaka mitatu unanisikilizisha kijiti sikioni, na mimi nakupa mkia wa samaki kila Ijumaa nikidhani bila wewe haliwaki?"

"Tajiri, hata mimi niliamini ni kijiti."

"Sasa linawaka kwa yeyote. Sogea huko."

Theoneste akasogea. Hakuna safari ndefu kama ile ya kutoka upande mmoja wa kiti hadi mwingine. Leonadi akashika usukani ambao kwa miaka kumi na moja alikuwa akiutazama kutoka pembeni, akakanyaga kila kilichokuwepo chini, akaingiza gia kwa sauti ya mawe yakisagwa, akaachia. Pikapu iliruka kama chura, ikazima.

"Siagi?" aliuliza Kakuru, matumaini yakimrudia.

Kemirembe alikagua mrija. "Uko wazi."

Leonadi akarudia. Ikaruka, ikazima. Mara ya tatu ilirudi nyuma, ikabomoa fito mbili za zizi. Mara ya nne ilikwenda mbele kwa kasi moja kwa moja hadi kwenye lundo la samadi, ikaingia mpaka taa, ikazima kabisa.

"Mama," aliita Leonadi, samadi ikimdondokea kiwikoni kupitia dirishani, "hebu tazama tena tangi."

"Tangi linapumua vizuri, baba. Unaozima hapo ni mguu. Na mguu siwezi kuutoboa."

Leonadi alikaa kidogo akitazama samadi. Kisha akafungua mlango, akazunguka gari kwa hatua za mtu aliyeshuka kunyoosha viungo tu, akasimama upande wa pili. "Jua kali," alimwambia Theoneste bila kumtazama. "Naona wewe uendeshe. Leo, na... basi, uendeshe."

"Ndiyo, tajiri."

Theoneste akarudi mahali pake, akaketi wima. Akaichomoa pikapu kwenye samadi kinyumenyume, taratibu, bila kugusa fito hata moja, kwa mkono mmoja, ili Leonadi aone. Akasimama mbele ya Kemirembe.

"Asante, mama. Nitakuletea nini kutoka Ihanda?"

"Mrija mwingine. Huyu wangu atakunywa na nini?"

Pikapu ikapanda kilima, ikapinda, ikapotea nyuma ya migomba, ukabaki mlio. Kemirembe akakipakata tena kibuyu chake cha maziwa. Kakuru hakuketi. Alibaki amesimama katikati ya njia, kamba ya Bihogo mkononi, kichwa amekiinamisha upande mmoja, anasikiliza mlio ule ukienda mbali, akingoja ukatike.