Mimi, president wa kupigania bei ya petroli, nilivyokwama ziwani mchana kweupe

Wakuu, salamu kutoka Kashikishi, kando ya Ziwa Mweru, upande huu wa Zambia. Mimi ni Mukongomani, Kiswahili changu ni cha Katanga, mnivumilie. Ninayosimulia ni kweli tupu. Shahidi ni bibi yangu, yaani mke wangu, na mpaka leo akinitazama anaguna.

Mimi nina boti ya engine, nabeba watu na mizigo ya kisiwa cha Kilwa, cha humu humu ziwani. Yeye anauza chisense, vile visamaki vidogo vya hapa. Zinavuliwa usiku, ananunua asubuhi kisiwani, halafu tunakimbia kuzianika mchangani. Ukichelewa zinaoza, unabaki kufukuza nzi.

Bei ya petroli ikapanda. Tukalipa.

Ikapanda tena.

Wenye boti tukaunda komite. Nikachaguliwa president kwa sababu napiga kelele kuliko wote. Mukutano wa kwanza nilienda kwa pikipiki, na kutoka kwangu hadi pale ukiita mutu anaitika.

Nikahubiri, wakuu! "Serikali ina makosa, bon, lakini kila mutu ajiulize, miye natumia mafuta namna gani?" Makofi. Bibi yangu, Mama Furaha, alikaa nyuma, akaguna.

Tukapatana: boti moja ivute mitumbwi mitatu kwa kamba, polepole, mafuta tuchangie. Zamu ya kwanza, president.

Siku hiyo, tukitoka kisiwani, Mama Furaha alipanda mtumbwi wa nyuma na wenzake. Chisense zake zote zilikuwa kwangu. Alikuwa ameuza cherehani yake ili azinunue, hana mtaji mwingine.

Sasa muelewe jambo moja. Bandarini kwetu boti inaingia kwa kishindo. Engine isiponguruma, wanunuzi hawainui hata kichwa. Mimi niingie polepole na kamba nyuma, kama mutu anayepeleka mbuzi malishoni? Roho iliniuma.

Katikati ya ziwa Papa Mulonda, mwenye boti mwenzangu, akanipita. Anapunga mkono, anaonyesha kidole nyuma yangu, kule kwenye mitumbwi. Nikajua ananicheka.

Nikafungua kamba.

"Papa Furaha! Chisense yangu!" Mama Furaha alipiga kelele. Nikajibu nitawarudia, nikafungua moto wa engine mpaka mwisho. Mulonda alivyozidi kupunga, ndivyo nilivyozidi kumfukuza.

Bandari nikaiona. Hata wamama wa sokoni niliwaona. Engine ikakohoa mara mbili, kimya.

Tangi tupu! Nikalaani station, nikalaani mawaziri mmoja mmoja, nikalaani hadi wenye visima huko ng'ambo. Jua likapanda. Chisense zikaanza kunuka.

Walionifikia ni wale wa mitumbwi, wanapiga kasia na kuimba wimbo wa kanisa. Mama Furaha hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alihamisha vikapu vyake, akasema, "Kaa hapa, president." Wakaondoka.

Mulonda ndiye aliyerudi kunivuta.

"Ndugu yangu, nilikuwa nakuonyesha mafuta tu! Inamwangika nyuma yako, maji yote inang'aa!"

Nikatazama mpira wa mafuta. Ule ule uliopasuka nikaufunga kwa kitambaa tangu zamani, nikisema nitanunua mpya bei ikishuka.

Nusu ya chisense zilitupwa. Mama Furaha alizimwaga mwenyewe huku analia, mimi nimeshika ndoo.

Mukutano uliofuata nilienda kwa miguu. Nikaanza na bei, kama kawaida. Mama Furaha akasimama mbele ya watu wote.

"Bei, bale bakubwa ndio balipandisha. Na ule mupira, nani alifunga?"

Hakuna aliyepiga makofi.

President bado ni mimi. Lakini ile kamba nyekundu ya engine, ambayo bila yake haiwaki, anaivaa yeye shingoni, hata kanisani. Nikitaka safari, naeleza kwanza naenda wapi na kufanya nini. Cherehani bado sijairudisha.

Nilichojifunza: bei ilaani, ni haki yako. Ila geuka kwanza utazame nyuma ya boti yako.

Haya, nanyi semeni, nichekeni tu. Na wewe mwenye pikipiki inayonguruma mlangoni huku unasoma uzi huu, nenda uizime kwanza, ndipo uje kuchangia.