Kiti cha Wifi

Wivu wangu ulianza siku wifi yangu, dada wa mume wangu, alipochaguliwa kwenye kamati ya wazazi. Watafiti wa afya ya watoto walifika hapa Chonyonyo wakasema hawataki kutuuliza maswali kabla wazazi wachache hawajayapitia. Mwenyekiti wa kitongoji akampendekeza wifi, mwenye watoto watatu, wote wazima na wamenona. Mimi niliyemzika wangu pale nyuma ya migomba nikabaki naanika kahawa.

Nilimchukia, sitaficha. Kila siku ya mkutano alipita mbele ya nyumba yangu na kitenge chake cha kanisani, akinisalimia kwa upole, nami namjibu huku nimeinamia maharage. Nilisikia wanakalishwa viti vya mbele na kila wanachosema kinaandikwa. Sasa yeye angesema nini? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wifi hata ukingoni hajawahi kukaa.

Alasiri moja akaja na karatasi zao, akavuta kigoda, akaanza kunisaidia kuchambua maharage. Kisha akanisomea swali watakaloulizwa waliofiwa: kwa nini ulichelewa kumpeleka mtoto hospitali? Akataka kujua ninalionaje.

Nikamwambia atakayeniuliza hivyo nitamtoa na fagio. Waulize hivi: kabla ya kutoka nyumbani, ulilazimika kumsubiri nani? Mimi nilimsubiri kaka yake siku mbili. Alikuwa Kyerwa kwenye biashara ya ndizi, simu yake haipatikani, na mama mkwe alisema mtoto hatoki bila neno la baba yake. Wifi alijua yote hayo. Aliandika, akakunja karatasi, akaenda.

Wiki iliyofuata jirani akanipa habari kwamba swali limebadilishwa, na wifi amepigiwa makofi. Makofi yangu! Nikawa nazunguka njia ya mbali kwenda kisimani nisionane naye. Hata kanisani nilihama benchi.

Mwishowe alinifuata mwenyewe, nikiwa napepeta. Alisimama, hakuvuta kigoda. Akasema aliwaeleza watafiti kwamba swali lile ni langu, nao wakamuuliza kwa nini basi sikuchaguliwa.

"Ukawajibu nini?"

"Ukweli. Mwenyekiti alikutaja wewe kwanza, wifi. Mimi ndiye niliyemwomba akuache. Niliogopa utalia mbele za watu."

Miezi yote ile nilidhani hakuna aliyenikumbuka. Nikaweka ungo chini.

"Ningelia kweli," nikamwambia. "Lakini ningelia nikiwa nimekaa kwenye kile kiti."