Rangi ya Chumba cha Susu

Rangi ya mafuta ilikuwa na harufu kali iliyokaa puani siku nzima, ikaingia hata kwenye uji. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa msichana wa miaka tisa hivi, na nyumba yetu, karibu na Nunguni, ilikuwa ya kwanza ya matofali katika kilima chetu. Baba alifanya kazi ya reli kule Makindu. Likizo moja alirudi na mikebe ya rangi ya samawati, akapaka kuta za ndani kwa mikono yake mwenyewe huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Majirani walikuja kuzigusa, kisha wakatazama vidole vyao kuona kama vimechafuka.

Chumba cha nyuma, kilichopakana na mteremko wa kilima, kilikuwa cha Susu, yaani nyanya yangu, mama yake Baba. Miguu yake ilikuwa imeanza kumkataa, na baridi ya huko juu haina huruma kwa wazee. Aliota makaa kwenye karai, dirisha likiwa wazi kidogo, na juu ya makaa aliinjika chungu cha isyo, mahindi na maharagwe yakichemka taratibu. Mimi nililala naye. Mpaka leo nakumbuka joto la mgongo wake kuliko ninavyokumbuka sura yake, na hilo linanisikitisha.

Mvua za masika ziliponyesha, ukuta wa chumba kile uliota malengelenge. Ukiyabonyeza yalipasuka na kutoa maji, na rangi ikabanduka vipande vipana kama maganda ya ndizi. Baba alipaka nyingine juu yake bila kukwangua, ikabanduka nayo. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye alikuwa na haraka, kwa maana wazee wa kanisa walikuwa waje kuiombea nyumba.

“Ni mvuke wa chungu chako, Mwaitu,” alimwambia mama yake. “Na hayo makaa.”

“Mimi nasikia baridi, mwanangu,” Susu akajibu.

Mama yangu alijaribu kumtetea. “Baba Kavata, si tungoje baridi ipite kwanza?”

“Wageni hawatangoja,” Baba akasema.

Basi Susu akahamishiwa kibanda cha zamani cha nyasi pale uani. Alibeba karai lake mwenyewe, polepole, akikataa kusaidiwa. Mimi niliambiwa nilale na dada zangu. Baba akapaka ukuta upya, wageni wakaja, wakaomba, wakasifu, naye akarudi Makindu. Kisha ukungu wa Julai ukashuka. Paa la kibanda lilikuwa limechoka, upepo ukapita kila upande, na kikohozi cha Susu tukawa tunakisikia kutoka mezani. Mama alimrudisha ndani bila kungoja ruhusa ya mtu, akamkandakanda kifua, akampa supu. Alikuwa amechelewa. Tulimzika kabla jua la Agosti halijatoka.

Baada ya mazishi Baba aliingia chumba kile, nami nikamfuata. Makaa hayakuwa yamewashwa humo tangu Susu ahamishwe, maana Mama alimlaza karibu na moto wa jikoni, na bado rangi mpya ilikuwa imelala sakafuni. Baba aliweka kiganja kwenye lipu. Ilikuwa imelowa. Akatoka, akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama mbele ya udongo wa kilima uliouegemea ukuta mpaka kwenye kizingiti cha dirisha.

“Ni udongo,” alimwambia Mama aliporudi. “Wakati wote ulikuwa ni udongo.”

Mama aliendelea kuchambua maharagwe.

Hakurudi kazini upesi. Alichimba na kuuondoa udongo wote ukutani, akatengeneza mfereji wa kupeleka maji bondeni. Ndani alikwangua rangi yote kwa kisu mpaka kwenye lipu, akaliacha dirisha wazi kiangazi kizima ili ukuta ukauke. Mwishowe akapaka chokaa badala ya rangi ya mafuta, kwa kuwa chokaa huuacha ukuta upumue, lakini rangi ile huyafungia maji ndani mpaka yaisukume itoke. Haikubanduka tena.

Siku hizi naona vijana wakipaka nyumba zao, rangi ikibanduka wanaenda dukani kununua mkebe mwingine, na wa dukani anawauliza wanataka ya namna gani. Nawaambia watafute kwanza maji yanatoka wapi, wakwangue, wangoje. Wengine husikiliza. Nyumba zao zina joto, na ukuta ukiwashinda wanampigia fundi simu, mambo yanaisha. Baba alikuja kuwa mtu wa kuitwa kilima kizima kutazama kuta za watu. Alikwenda kila alipoitwa. Walipomsifu kwa ujuzi wake, alichukua kofia yake akaenda nyumbani.