Cha Njano cha Pale Mlangoni

Mama mwenye duka la vitabu pale Ujiji alikuwa akiniita mteja wa macho. Nikitoka soko la samaki la Katonga nilikuwa naliacha beseni langu la dagaa nje, kwa sababu ya harufu, halafu nasoma nimesimama mpaka miguu inauma. Shule niliishia darasa la saba, lakini kwa hadithi sishibi.

Kulikuwa na kitabu kimoja nilichokipenda kupita kiasi, cha msichana aliyejichongea mtumbwi akamfuata mchumba wake ng'ambo ya ziwa. Jalada lake la njano. Mama alikuwa amekiweka, nakala zote, chini kabisa, nyuma ya vitabu vya hesabu, na hakuna aliyekigusa ila mimi. Kiliniuma, kama mtu aliyeachwa nje ya sherehe. Basi mama akigeuka tu, nakisogeza. Leo rafu ya katikati, kesho ya juu. Yeye anakirudisha huku anacheka. "We mtoto wa huko Simbo, hata kaburi langu utalihamisha."

Siku moja adhuhuri ikaadhiniwa, akaniambia, "Niangalizie duka, naingia ndani kuswali." Nikaona nafasi yangu hapo hapo. Kwenye rafu ya chini mlangoni palikuwa na vitabu vya kusomea vya darasa la kwanza, navyo vya njano. Nikavibeba vyote nikavipeleka nyuma, nikapanga pale nakala za kitabu changu. Nikasimama mbali kidogo kutazama. Palipendeza, jamani!

Mara akaingia mama mmoja wa vijiji vya ziwani, anahema, ndoo ya mawese mkononi. "Mwakeye," akanisalimia kwa Kiha. "Mwakeye mama, karibu." Hakuangalia huku wala huku. Akainama pale pale mlangoni, akachukua kimoja, akanipa hela. Moyo wangu uliruka! Nikamtilia kwenye mfuko.

"Mama, hapo umechagua! Nakwambia mwishoni utalia."

Akanitazama kidogo, akacheka bila kufungua mdomo. "Haya, mwanangu. Boti linaniacha."

Mama mwenye duka alipotoka nikamrukia. Kimenunuliwa! Kimenunuliwa! Akacheka pamoja nami, mpaka macho yake yalipofika mlangoni.

"Nani kanunua?"

"Mama mmoja wa boti, ana ndoo ya mawese."

Akakaa. "Yule hajui kusoma. Mjukuu wake ndiyo anaanza shule. Mimi mwenyewe nilimwambia, ukija usimuulize mtu, chukua cha njano cha pale chini mlangoni, hakihami." Akashusha sauti ingawa tulikuwa wawili tu. "Hataki watu wajue."

Nikachukua cha darasa la kwanza nikakimbia. Dagaa wangu nikawasahau nje. Njia nzima hadi ufukweni nilikuwa najisikia nikisema, mwishoni utalia, mwishoni utalia.

Boti lilikuwa bado linapakia. Yeye ameshakaa, na kijana aliye kando yake ameshika kitabu changu, anasoma jina lake kwa sauti. "Bibi, mbona hiki cha mapenzi! Kwani mjukuu wako anaoa lini?" Watu wakaangua kicheko. Yeye alikuwa anafunga fundo la khanga ambalo lilikuwa limeshafungwa.

Nikaingia majini na viatu vyangu. "Samahani jamani, kosa langu! Mimi ndiye wa dukani. Mama alitaka hiki, nikamtilia kisicho chake."

"Basi dada, uwe unasoma kabla hujauza," kijana akasema, na sasa wakanicheka mimi. Wanicheke tu. Nilitamani wasinyamaze.

Tukabadilishana. Akakifungua kile cha mtoto, akaona picha ya kuku na vifaranga, akalipapasa jalada kwa kiganja. Kisha akainama upande wangu, akasema polepole nisikie mimi peke yangu:

"Uliponiambia nitalia, nilidhani umenijua, kwamba sijui kusoma."

Injini ikawashwa, boti likaondoka. Kumjua? Sikuwa hata nimemtazama usoni. Nilikuwa nakitazama kitabu mkononi mwake.

Niliporudi dukani sikungoja kuambiwa. Nilivirudisha vya darasa la kwanza mlangoni, kimoja kimoja, nikaingiza nakala zote za changu chini, nyuma ya vitabu vya hesabu. Safari hii mama mwenye duka hakucheka.