Mwanamke wa Ndani ya Tangi

Mjomba wangu ni fundi bomba, na anaogopa maji. Si maji yote. Ya kunywa hayamtishi, ya mvua hayamsumbui, na ukimpa sinki iliyoziba atafurahi kama umemwita harusini. Anachoogopa ni maji yaliyotulia gizani. Kwa kifupi, anaogopa tangi. Sasa niambie, fundi bomba anayeogopa tangi ana tofauti gani na muuza nyama anayezimia akiona damu? Nimemuuliza swali hilo mara nyingi, na jibu lake halibadiliki: "Wewe mtoto wa dada yangu, adabu yako uliiacha wapi?"

Watu wanamwita Koki. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu akikasirika hufunga mdomo kabisa, tone halitoki, na akifurahi hakuna wa kumfunga. Ni fundi mzuri, sisemi hivyo kwa kuwa ni damu yangu. Lakini nenda naye kazini uone vituko. Kabla hajafungua bomba la chini ya sinki, anakohoa. Halafu anagonga bomba kwa spana na kusema, "Hodi!" Anangoja. Asiposikia kitu ndipo anaingiza mkono. Wenye nyumba hucheka wakidhani fundi ana utani. Hana utani wowote. Anabisha hodi kweli.

Na nyumbani je? Akinawa uso, anapaka sabuni upande mmoja tu, jicho moja likifumba lingine linabaki zamu. Akimaliza anahamia upande wa pili. Mke wake aliniambia kwamba walipooana alidhani hiyo ni namna ya kutunza ngozi, akaijaribu na yeye kwa mwezi mzima.

Chanzo cha yote hayo ni bibi yangu, yaani mama yake mjomba, mwanamke mdogo wa umbo mwenye ulimi wa kutosha watu kumi.

Mjomba alipokuwa mtoto, mtaani kwao televisheni ilikuwa moja tu, ya fundi cherehani aliyekuwa jirani yao. Jumamosi mchana alisukuma cherehani ukutani, akatandika mkeka, akawaita watoto waje kutazama filamu. Masharti yake yalikuwa miguu ioshwe na vitambaa vya wateja visiguswe. Tatizo lilikuwa lugha. Filamu zilisema lugha ya ng'ambo ambayo pale mtaani hakuna aliyeijua. Ila Bibi aliwahi kufua nguo za familia moja iliyotoka huko, akaondoka na maneno machache ya sabuni, ya pasi na ya kuharakishwa. Hayo yalitosha. Akawa mkalimani wa mtaa.

Basi Jumamosi Bibi aliketi kwenye kigoda mbele ya watoto na kutafsiri. Alitafsiri nini, na haelewi neno? Alitafsiri makosa ya wiki. Kama sukari ilikuwa imepungua kwenye kopo, jambazi wa kwenye filamu alipigwa risasi kwa sababu ya kulamba sukari. Kama kuna mtoto aliyeacha viatu nje vikanyeshewa, basi yule mama anayelia makaburini alikuwa analilia viatu. Mama yangu, ambaye ni dada mkubwa wa Koki, alikua akiamini kwamba ng'ambo mtu anafungwa jela kwa kuacha sahani chafu. Alilala akilia kwa ajili ya wafungwa hao. Wakubwa waliokuwepo walijua kila kitu. Fundi cherehani alikuwa anajaza pini mdomoni makusudi, apate sababu ya kutocheka.

Sasa nyuma ya nyumba yao kulikuwa na tangi la chini ya ardhi, mdomo wake umefunikwa kwa bati na juu ya bati kuna jiwe. Wiki moja Koki, ambaye hata shule hajaanza, alisukuma jiwe, akavuta bati, akafunga kamba kwenye kandambili ya dada yake na kuifanya meli. Bibi alimkuta. Na hapo pakatokea ajabu: hakumchapa. Alimvuta, akamkalisha chini, akarudisha bati na jiwe, akaingia ndani na kufunga mlango. Mama anasema ilikuwa mara ya kwanza kuona kosa linapita bila fimbo, na watoto wote wakaanza kuiogopa Jumamosi.

Jumamosi ikafika. Filamu ikaanza kwa maji mengi yametulia. Katikati ya maji akaibuka mwanamke, nywele ndefu zimemfunika uso. Leo nikifikiria naamini ilikuwa filamu ya mapenzi tu, na yule dada alikuwa ametoka kuogelea, maskini wa Mungu. Bibi akashusha sauti.

"Huyo," akasema, "anakaa ndani ya tangi."

"Tangi gani?" Mama akauliza.

"Tangi lolote. Kazi yake ni kungoja mtoto anayechungulia."

Yule dada akatenga nywele zake, akatazama mbele moja kwa moja, kila mtoto pale akaona ametazamwa yeye. Akaita. Bila shaka alikuwa anamwita mchumba wake. Bibi akatafsiri kwa kutaja jina la mjomba, lile jina kamili ambalo mtoto huitwa akishakosea.

"Anasema amemwona," Bibi akamalizia.

Koki aliruka vichwa vya wenzake, akapita katikati ya vitambaa vya wateja, akatokea barabarani na futi ya kupimia ya fundi cherehani imemzunguka mguu. Mkeka ulilazimika kuoshwa. Sitaeleza zaidi, yule ni mjomba wangu.

Hakuna mtoto aliyelisogelea tangi tena. Bibi alikuwa ameshinda, na watoto wengine walisahau kadiri miaka ilivyokwenda. Koki hakusahau. Nilipomuuliza kwa nini basi, kati ya kazi zote duniani, akachagua mabomba, hakucheka.

"Nilitaka kujua anapita wapi," alisema.

"Lakini Mjomba, si unajua Bibi hakuijua ile lugha?"

"Najua. Nimejua tangu nina ndevu za kwanza. Ila yule mwanamke alinitazama, na hilo halikuhitaji mkalimani."

Nikamwacha siku hiyo bila kumtania. Siku hiyo tu.

Kazi za matangi alizokuwa akizipata alimpa rafiki yake, fundi mmoja mwenye kipara, huku mjomba mwenyewe akisingizia mgongo, au kifua, au mkutano wa ukoo. Mambo yakaenda hivyo miaka yote, mpaka binti yake alipoingia shule.

Mtoto huyo anamwabudu baba yake. Kwake yeye, dunia ina maji kwa sababu baba yake ameamka. Shuleni kwao kuna tangi kubwa la zege lililojengwa juu ya nguzo, na maji yake yakaanza kunuka. Watoto wakawa wanaugua matumbo. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba kutakuwa na siku ya wazazi kufanya usafi, na kwamba anatafutwa fundi wa kuingia ndani ya tangi kulisugua. Binti akanyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza.

"Baba yangu ataingia. Baba yangu haogopi kitu."

Alipoleta habari hiyo nyumbani, mjomba alikuwa ananawa uso. Alifumbua jicho lenye sabuni. Jioni ile ile akamkimbilia rafiki yake mwenye kipara, naye alikubali kwa moyo safi, wakaenda kujaribu. Mdomo wa tangi la shule ni mwembamba, na rafiki yake miaka hii amejaliwa tumbo. Miguu ikapita, mapaja yakapita, tumbo likakataa. Walinzi wa shule walimvuta kwa mikono wakimwomba atoe pumzi.

"Ingia mwenyewe, Koki," alisema yule rafiki akijipangusa. "Wewe ni mwembamba, unapita huku unapiga mluzi."

Kwa hiyo siku ya usafi ikamkuta mjomba hana pa kukimbilia. Tulikwenda ukoo mzima. Mama, mimi, mke wake, na Bibi, ambaye sasa ni mzee na anatembea kwa mkongojo, akakalishwa kwenye kiti kwenye baraza la darasa. Mjomba alianza vizuri sana. Alifunga valvu, akafungua bomba la chini, maji yote yakatoka mpaka likabaki tope. Watoto walishangilia. Akapanda ngazi ya chuma, akaondoa mfuniko, akakohoa.

"Hodi!"

Uwanja mzima ukacheka. Mjomba akakaa pale juu, miguu nje. Akaomba brashi, akapelekewa. Akasema hiyo ni laini, aletewe ngumu. Ikaletwa. Akaomba tochi. Akaikagua tochi, akaikagua tena. Akaanza kukagua mfuniko. Kicheko kikapungua, kisha kikakoma, na ule ukimya uliobaki nisingependa kuusikia tena.

"Mbona baba yako haingii?" mtoto mmoja akamuuliza binti.

"Anapima," binti akajibu. Lakini sauti yake ilikuwa imepungua, na alikuwa amekunja vidole vyake ndani ya ngumi. Nilimwona mjomba akimtazama kutoka juu. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. Mimi niliyemcheka miaka yote nilitamani ardhi impasukie, ashuke, twende zetu nyumbani.

Bibi akainuka. Alivuka uwanja na mkongojo wake mpaka chini ya ngazi, nami nikamfuata nisije nikalaumiwa akianguka.

"Wewe," akaita, si kwa sauti kubwa. "Ile filamu hukuiona mwisho."

"Mama, si hapa, tafadhali."

"Ulikimbia. Sisi tulibaki tukaiona."

"Hukuijua ile lugha, Mama. Wote tunajua."

"Nani kakwambia lugha? Nakwambia nilichokiona. Unataka kujua mwisho wake au hutaki?"

Mjomba akaishusha tochi mapajani. Kisha akasema, kama mtoto kabisa, "Ulikuwaje?"

Bibi akashika chuma cha ngazi.

"Yule mwanamke hakuwa anatafuta watoto wa watu. Alikuwa anatafuta wa kwake. Alitoka jikoni na mikono ina unga, akaenda nyuma ya nyumba, akaona bati limevutwa. Akaona miguu miwili tu, imesimama juu. Kichwa kilishaingia ndani. Hakukuwa na mtoto, kulikuwa na miguu. Akaishika. Akavuta. Mtoto akatoka mzima anacheka, anaulizia meli yake. Mama yule akaingia chumbani akafunga mlango, maana miguu yake mwenyewe ilikuwa haimbebi. Ndiyo mwisho. Humo ndani hamna mtu, mwanangu. Aliyekuwemo ni mimi, na nilishatoka."

Mimi nilikuwa nimezoea kucheka hadithi za bibi yangu. Hiyo sikuicheka. Mjomba akaipachika tochi kiunoni, akageuza miguu. Miguu ikazama, kiuno kikazama, kichwa kikazama. Tukasikia brashi ikianza kusugua zege, na watoto wakalipuka kwa kelele. Binti akawa anarukaruka akimwambia kila aliyesimama karibu, "Si nilisema anapima?"

Brashi ilisugua, ikasugua. Sauti ya mjomba ikaanza kutoka mle ndani akiimba vibaya. Tope likamwagika chini, jeusi, likinuka vibaya sana. Nilifikiri basi, tumekwisha kuokoka, twende tukaoge.

Halafu brashi ikanyamaza.

Ilinyamaza muda mrefu. Kisha kutoka ndani ya tangi ikapanda sauti ya kike, nyembamba, inayotetemeka, zege ikiipa mwangwi wa kutisha. Ikamwita Bibi kwa jina lake kamili, lile la kuitwa akishakosea.

"Nimekuooona!"

Watoto wakatawanyika wakipiga mayowe, nusu kwa hofu, nusu kwa kicheko. Mwalimu wa zamu alidondosha ndoo. Yule fundi mwenye kipara alikaa chini kabisa, ameshika tumbo. Hata mke wa mjomba, ambaye hupenda kujifanya mtu mzito, alikuwa anafuta machozi. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta, na nilipogeuka kumtazama Bibi, hakuwepo pembeni yangu.

Mkongojo ulikuwa chini. Bibi alikuwa juu ya ngazi.

"Mama, shuka!" mama yangu alipiga kelele. "Anakutania tu!"

"Najua ananitania," Bibi alijibu bila kugeuka, anapanda. "Akitoa kichwa nikakiona, nitashuka."

Kicheko kikaisha uwanjani. Tulijaribu kumshika miguu kwa chini, hakutusikiliza. Kichwa cha mjomba kikachomoza mdomoni mwa tangi, kimepakaa tope mpaka kwenye kope, meno yote nje, akitafuta ameshtua wangapi. Akamkuta mama yake hatua moja kutoka kwenye uso wake. Meno yakaingia ndani.

"Mama, umepandaje huku?"

Bibi alinyoosha mkono, akamshika sikio, akalivuta kama la mtoto mdogo, mbele ya binti yake na walimu wote, na hakuliachia mpaka mkono wake ulipoacha kutetemeka.