Programu ya Kukata Sare

Katika karakana ya kushona sare za shule, nyuma ya meza ya kukatia, kulikuwa na kompyuta moja iliyofunikwa shuka kuukuu isiingie vumbi la pamba. Aliyeiendesha wote walimwita Injinia, ingawa shangazi yake, mwenye karakana, alimweka pale kupokea wateja na kupiga pasi. Jina lilianza kama utani, na yeye alilipenda mno, maskini.

Hakusomea popote. Alijifunzia kwenye kundi la simu ambako watu hutupiana vipande vya msimbo, mistari michache ya kuifanyisha kompyuta kazi moja ndogo: hiki cha kupanga majina, kile cha kujumlisha. Sharti la kundi lilikuwa moja. Ukichukua kipande, kiandike upya mwenyewe, kisha ukirudishe na maelezo ya kila mstari. Injinia alichukua bila haya, lakini kurudisha aliona ni mbwembwe za watu wasio na kazi. Akaunga vipande, kiraka juu ya kiraka, hadi ukiipa kompyuta kiuno na urefu wa mtoto, ilikupa vipimo vya kukata kitambaa.

Shangazi alifurahi kupita kiasi. Mkataji wao wa siku zote, mzee aliyelalamikia mgongo kila kukicha, akaagwa kwa heshima akapumzike kwake. Hapo ndipo haraka ilipokosa baraka. Suruali za shule nzima zilibana, maana kipande kimoja kilikuwa kinafuta nusu: kiuno cha inchi ishirini na nne na nusu kilisomeka ishirini na nne. Watoto walirudi wamezuia pumzi, na wazazi nyuma yao hawakuzuia chochote.

"Nusu zangu zimeenda wapi, Injinia?" shangazi aliuliza.

"Hicho kipande nilikibandika tu, shangazi. Sijui ndani kinafanyaje."

"Basi huendi popote mpaka ujue."

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu kulikuwa na pa kwenda. Mwenye kundi, bwana mwenye ofisi ya kutengeneza programu katika mji mwingine, alikuwa amesikia habari za programu ya sare akamwita kazini. Injinia hakuwahi kutamani kitu kama alivyoitamani kazi ile. Akamjibu, "Nipe muda nitafute wa kumwachia." Bwana yule akasema atasubiri, ila si milele.

Alirekebisha nusu, zikaharibika sketi. Alirekebisha sketi, mikono ya mashati ikapishana urefu. Shangazi ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki. Angemwachaje na mashine inayokula vitambaa, mkataji naye hayupo? Mlango ulikuwa wazi kutwa nzima, na bado alijiona mfungwa. Aliyemfunga, alijua, ni yeye mwenyewe.

Ikabidi amfundishe binti wa shangazi, aliyekuwa amemaliza shule na kukaa pale akishona vifungo. Akamfundisha kwa vipande vilevile, kimoja kimoja, na safari hii kwa sharti la kundi: andika upya, eleza, rudisha kundini. Binti alikuwa king'ang'anizi.

"Dada, mstari huu unasema nini?"

"Unasema chukua kiuno, ongeza nafasi ya mshono."

"Na ukiutoa?"

"Sijui."

"Basi tuutoe tuone."

Kwa maswali hayo programu ilisafishika, na Injinia akaanza kuelewa kitu alichokitengeneza kwa mikono yake. Sare zikatoka sawasawa. Akafua nguo zake zote, akatafuta begi.

Asubuhi moja binti alimfuata kwenye meza ya pasi, simu mkononi.

"Dada, usinikasirikie. Mwenye kundi amenipigia. Anasema vipande ninavyorudisha vimemridhisha, na wewe amekusubiri amechoka. Anataka nianze mwezi ujao."

Shangazi alipiga kelele ya furaha hadi cherehani zote zikasimama. "Mungu ni mwema! Mmoja aende, mmoja abaki. Na wewe mwanangu sasa unaijua programu ndani nje, hata sina wasiwasi."

Injinia aliona wivu, na hasira juu yake, na aibu ya kumwonea wivu mtoto aliyemfundisha mwenyewe. Alitaka kusema, "Nafasi hiyo ni yangu." Akamtazama shangazi anavyofuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Hongera, mdogo wangu," alisema.

"Mshonee ndugu yako nguo ya kuendea kazini," shangazi alimwagiza. "Mpime sasa hivi."

Binti akainua mikono. Injinia akamzungushia futi kifuani, akainama kusoma.

"Simama vizuri," alimwambia, ingawa binti alikuwa amesimama wima kabisa, na ni yeye ambaye hakuziona namba.